Ziwa Victoria: "0" ya mayavuyavu kwenye karatasi za sampuli ina maana gani hasa?

Luchelele_planktoni aliuliza:

Habari za kazi wakuu. Tunaandaa sampuli za planktoni wanyama (wanyama wadogo wanaoelea majini) Ghuba ya Mwanza. Vituo ni 6, kuanzia karibu na Kirumba hadi maji ya wazi nje ya mdomo wa ghuba, mara moja kwa mwezi kwa miezi 12. Wavu uliopo una mdomo wa sm 25 na matundu ya mikromita 80. Unavutwa wima kutoka karibu na tope hadi juu, mchana, na kila kilichomo kinamwagwa moja kwa moja kwenye fomalini. Hesabu hufanyika baadaye chini ya hadubini.

Fomu tuliyorithi ina safu ya Limnocnida, yule yavuyavu wa maji baridi, na karibu mistari yote imejazwa 0. Lakini wapo wavuvi wa dagaa wanaosema kuna siku za giza wanaona visahani vya kioo vikicheza chini ya taa. Kwa hiyo naomba msaada. Je, 0 hiyo niiamini? Nibadilishe nini bila kuvunja mfululizo wa takwimu za nyuma? Na katika sura ya utangulizi, tafiti za planktoni wa uteute (wenye mwili laini wa maji, kama yavuyavu) duniani zimefika wapi? Karibu kila ninachokisoma ni cha baharini, sijui kipi kinafaa ziwani.

---

Hadubini_77 alijibu:

Mkuu, anza na maji yaliyopita kwenye wavu, ndipo uje kwenye 0.

Mdomo wa sm 25 una eneo la mita ya mraba 0.049. Ukivuta mita 20 umechuja mita ya ujazo 0.98, hata lita 1,000 hazijatimia. Chukulia kuna yavuyavu 1 kwa kila mita za ujazo 10. Hao si wachache: kilomita moja ya mraba yenye kina cha mita 20 ingekuwa na wanyama milioni 2. Kwa wavu wako, wastani wa kila mvuto ni 0.098, na uwezekano wa kurudi mtupu ni asilimia 91. Yaani mara 9 kati ya 10 unaandika 0 na wanyama wapo chini ya mtumbwi.

Ukitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba utapata angalau mmoja katika msongamano huo, lazima uchuje mita za ujazo 30 hivi. Kwa wavu wako ni mivuto 31 kwa kila kituo, jambo ambalo hakuna atakayelifanya. Kwa wavu wa mdomo wa mita 1, kila mvuto wa mita 20 unachuja mita za ujazo 15.7, kwa hiyo mivuto 2 inatosha.

Hata hesabu hiyo ina matumaini kupita kiasi, kwa sababu inachukulia kwamba wanyama wametawanyika bila mpangilio. Mayavuyavu hukaa kwa makundi. Utakuta kituo kimoja kina 40 na cha jirani hakuna hata mmoja.

Halafu fomu yenyewe ina kasoro. Mtu akihesabu kopepodi (planktoni wadogo sana wa jamii ya kamba) kwenye kijisampuli cha mililita 2 kilichochotwa na pipeti, yavuyavu wa sm 2 hawezi hata kuingia kwenye mdomo wa pipeti. Amejaza 0 kwa mnyama ambaye mbinu yake haiwezi kumwona. Weka alama mbili tofauti: "0" iwe ametafutwa na hakuonekana, na "HT" iwe hakutafutwa. Pembeni andika mita za ujazo zilizochujwa. Zile za nyuma zote zigeuze HT isipokuwa pale palipo na ushahidi kwamba chupa nzima ilikaguliwa kwa macho. Inauma kupoteza mistari mingi hivyo, lakini ile haikuwa takwimu.

Kuhusu kama yupo ziwani: alikwisharekodiwa zamani. Mayavuyavu wa Tanganyika waliandikwa kisayansi na mtaalamu wa wanyama Günther mwaka 1893, na wa Victoria walionekana upande wa Kisumu mwaka 1903, wakapewa jina la Limnocnida victoriae mwaka 1907. Wataalamu wa baadaye waliwaunganisha na wale wa Tanganyika kuwa spishi moja, kwa hiyo ukisoma makala za zamani usidhani ni wanyama wawili. Achana pia na dhana ya mtafiti wa zamani J.E.S. Moore kwamba Tanganyika ni mkono wa bahari ya kale kwa kuwa ina yavuyavu. Ilikwisha kataliwa, ingawa bado unaikuta inanukuliwa.

---

Dada_wa_Maabara alijibu:

Naongezea upande wa wavu na chupa, kwa sababu mayavuyavu wengi wanapotea hapo.

Wavu wa zamani usiuache. Endelea nao vilevile, kituo kilekile, mwendo uleule, ili mfululizo wa kopepodi usivunjike. Pembeni yake ongeza wavu wa pili kwa ajili ya mayavuyavu tu: pete ya sm 75 hadi mita 1, matundu ya mikromita 500. Matundu ya mikromita 80 ndani ya ghuba, mwani wa bluu-kijani ukishamiri, huziba kabla hujafika nusu ya kina. Wavu ulioziba unasukuma maji pembeni kama ndoo, na hesabu yako ya mita za ujazo inakuwa ya uongo. Kama una kipimamtiririko (kifaa kinachopima maji yanayopita wavuni), kifunge nusu ya njia kati ya kitovu cha mdomo na ukingo wake, si kwenye kitovu chenyewe. Kikisoma chini ya asilimia 80 ya umbali wa kamba, wavu umeziba, uoshe, rudia.

Mwendo: mita 0.3 hadi 0.5 kwa sekunde, yaani mita 20 kwa sekunde 40 hadi 67. Ukivuta kwa pupa, mwavuli unabanwa kwenye nyuzi na unachanika.

Kopo la mwisho ndilo linaloua wengi. Yale makopo madogo yenye dirisha la chujio hayafai, kwa sababu wavu ukitoka majini maji yote yanakimbia na mnyama anabaki amelala juu ya chujio kwa uzito wake mwenyewe. Funga dumu laini la plastiki la lita 3 hadi 5 lisilo na tundu lolote. Likitoka majini linatoka na maji yake, na yavuyavu bado anaogelea.

Mimina taratibu kwenye beseni jeusi. Kwenye beseni jeupe hutamwona. Mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Kwanza utaona duara la vinukta vyeupe, ndiyo ile kingo yenye minyiri, kisha mwavuli mzima unajikunja na kufunguka. Mchote kwa kikombe pamoja na maji, usitumie koleo. Waliobaki wapitishe kwenye ungo wa mm 2 uliozamishwa majini muda wote. Kinachopita kwenye ungo endelea nacho kama kawaida.

Mpime akiwa hai. Sahani ya kioo juu ya karatasi ya grafu ya milimita, subiri mwavuli ufunguke, piga picha. Fomalini humsinyaza, na kiasi cha kusinyaa hakilingani kwa wote. Pima 20 wakiwa hai, uwapime tena baada ya siku 30, upate kigezo chako mwenyewe cha kusahihisha.

Kabla ya kumhifadhi, mlegeze. Weka chembe chache za mentholi zielee juu ya nusu lita ya maji kwa dakika 30 hadi 60, mpaka ukigusa minyiri kwa sindano haijikunji. Ndipo umimine fomalini polepole ukutani mwa glasi. Ukiruka hatua hii utapata kidonge kilichojifumba, na ndani yake huoni chochote cha kumtambulisha.

---

Luchelele_planktoni:

Asante sana dada, na wewe mkuu Hadubini. HT inaingia kwenye fomu leo. Swali: itifaki yetu inasema "fomalini 4%". Nichanganye mililita 40 kwa lita?

---

Dada_wa_Maabara:

Hapana ndugu, na kosa hili limeharibu chupa nyingi. Fomalini ya dukani ni formaldehidi ya asilimia 37 hadi 40. "Fomalini 10%" na "formaldehidi 4%" ni kitu kilekile: mililita 100 za dukani kwa mililita 900 za maji ya ziwa yaliyochujwa. Ukichanganya 40 kwa 960 unapata formaldehidi ya asilimia 1.5 au 1.6, na mnyama huyu anageuka ute ndani ya chupa.

Ongeza boraksi mpaka pH ifike 7 hadi 8, kwa kuwa fomalini ikikaa inakuwa na asidi. Uteute usizidi robo ya chupa. Mnyama huyu karibu wote ni maji, kwa hiyo anaizimua dawa: mililita 250 za mayavuyavu ndani ya chupa ya lita 1 zinaishusha asilimia 4 hadi 3. Badilisha dawa yote baada ya saa 24. Fanyia kazi mahali penye hewa, glovu na miwani, na chupa za dawa zisisafirishwe ndani ya basi la abiria.

Kwa ajili ya DNA tenga wanyama wengine, fomalini inaivunja. Kata kipande cha mwavuli, weka kwenye ethanoli ya 96%, kipande 1 kwa dawa angalau 9. Mililita 10 za mnyama kwenye 30 za ethanoli zinakuachia asilimia 72 tu. Hii nayo ibadilishwe kesho yake. Spiriti ya zambarau ya kuwashia usiitumie.

---

Tope_na_Polipu alijibu:

Wakuu, mmesema mambo mazuri ila wote mnamfuata medusa, yaani yule yavuyavu anayeogelea. Huyo ni nusu ya maisha ya mnyama. Nusu nyingine ni polipu, chini ya milimita 1, amejishikiza kwenye jiwe au kombe, na anaweza kuwepo mwaka mzima bila kutoa medusa hata mmoja. Wavu wa mita 1 utaleta 0 ya kweli kabisa, na spishi ipo ziwani.

Kumtafuta: funga vioo vya hadubini kwenye kamba yenye nanga na boya, kina cha mita 1, 3 na 5, vioo 4 kila kina, uviache wiki 6 hadi 8. Viweke vimelala, kwa sababu upande wa chini haupati tope la kushuka. Kagua ukiwa umevizamisha kwenye maji. Kikikauka hata dakika mbili, polipu anabaki kama doa la vumbi. Kagua pia chini ya mawe, kwenye makombe ya konokono na mizizi ya magugu maji.

Usitegemee kuona minyiri. Polipu wa Craspedacusta, ndugu yake wa karibu, hana minyiri kabisa. Ni kama chupa ndogo yenye kichwa cha mviringo, wawili hadi wanne wakiwa wameungana chini, na mara nyingi amejipaka chembe za tope. Ukiona minyiri mirefu, hiyo ni haidra. Ukiona shada la minyiri kama kiatu cha farasi, huyo ni briozoa, kundi jingine kabisa la wanyama wadogo wanaojishikiza.

Mtofautishe pia medusa mwenyewe. Craspedacusta sowerbii aligunduliwa London mwaka 1880 ndani ya tangi la mayungiyungi, asili yake ni Uchina, na sasa yupo kila bara isipokuwa Antaktika. Anasafiri na mimea ya maji na samaki wa mapambo, kwa hiyo lazima umtazamie. Tazama viungo vya uzazi. Kwa Craspedacusta ni vifuko vinne vinavyoning'inia kwenye mifereji inayotoka tumboni kwenda kingoni. Kwa Limnocnida vipo kwenye ukuta wa tumbo lenyewe, ambalo ni pana na fupi, mdomo wazi kama sufuria isiyo na kifuniko. Hapohapo tumboni mara nyingi utaona medusa wadogo wakichipua, kama punje za ulezi zilizopangwa kwenye duara. Ukiona hivyo, piga picha kabla ya kugusa kitu kingine.

Na usimchanganye na mayai ya konokono au mabonge ya mwani. Hivyo havijikunji.

---

Hadubini_77:

Hoja ya polipu ni ya msingi, naikubali. Kuna jambo jingine la muda. Wavu unavutwa mchana. Tanganyika, Limnocnida hukaa chini zaidi mchana na kupanda usiku. Hapa kwetu, Juni hadi Agosti upepo wa kusi huchanganya maji ya ziwa, na miezi mingine maji ya wazi hujipanga matabaka na la chini hupungukiwa oksijeni. Fanya angalau mivuto ya usiku kwenye vituo viwili vya nje, kila mwezi, siku za giza. Pima oksijeni na joto kila mita 2 kabla ya kushusha wavu.

Kama ni usiku, kubalianeni kwanza na BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ya mwalo husika na ofisa uvuvi, na mbebe kibali. Mtumbwi wenye wavu wa matundu madogo usiku unaonekana kama uvuvi haramu, na wana haki ya kuusimamisha.

Wavuvi wa dagaa nao washirikishe vizuri. Wapeni beseni jeusi, kikombe na kadi yenye maswali manne tu: tarehe, mahali, saa, wangapi kwa dakika 10 chini ya taa moja. Kadi ya "sikuona" iwe na thamani sawa na ya "niliona", bila hivyo mtakusanya siku za neema peke yake.

---

Mkondo_wa_Pwani alijibu:

Kwa sura yako ya utangulizi, nitakupa picha ya bahari, uchukue kinachokufaa. Kwanza jina: "planktoni wa uteute" si ukoo mmoja. Kuna mayavuyavu wenye seli za kuchoma (pwani ya kwetu yule anayewasha huitwa konyeza), kuna ktenofora wasiochoma wanaoogelea kwa safu nane za vitana, na kuna salpa na apendikularia ambao kiukoo wako karibu na sisi wenye uti wa mgongo kuliko na yavuyavu. Kinachowaunganisha ni mwili wa maji na tatizo la kuwakamata. Ziwani kwako wapo wa kundi la kwanza tu.

Tatizo lenu la 0 ndilo tatizo la fani nzima. Chombo cha kurekodi planktoni kinachokokotwa na meli za biashara Atlantiki ya Kaskazini tangu 1931 kina tundu la kuingizia maji la sm 1.27 kwa 1.27. Yavuyavu anayefika pale anafika vipande vipande, na kinachohesabika ni mabaki ya tishu na seli za kuchoma kwenye hariri ya kuchujia. Ktenofora wenye ndewe, kama Mnemiopsis, huyeyuka kwenye fomalini. Kwa miongo mingi bahari ilihesabiwa kwa vifaa vilivyowafaa kopepodi, na picha ya mfumo wa chakula ikachorwa bila hawa.

Kilichobadilisha hali ni kamera. Ghuba ya Monterey, California, roboti za kina kirefu huwapiga picha pale walipo bila kuwagusa. Apendikularia wakubwa hujenga nyumba ya ute inayoweza kufika mita 1 kwa upana, kitu ambacho wavu hauwezi kukileta kizima. Kwa mwanga wa leza watafiti walipima mnyama mmoja akichuja hadi takribani lita 76 kwa saa. Nyumba ikiziba anaiacha, inazama, inapeleka kaboni chini.

Jambo la pili ni ulaji. Zamani vitabu vilisema uteute ni mwisho wa njia, hakuna anayeula. Dai hilo lilitokana na kupasua matumbo ya samaki, na uteute humeng'enywa haraka mno kiasi kwamba tumbo linakutwa tupu. DNA ya tumboni na kamera zilizofungwa kwenye pengwini zimeonyesha wanaliwa sana. Ukipasua dagaa au sangara usikute yavuyavu, usiandike kwamba haliwi.

La tatu, ambalo nakuomba ulishike kwa mikono miwili: mayavuyavu wanaongezeka duniani? Makala iliyokusanya mifululizo mirefu, Condon na wenzake 2013, ilikuta mzunguko wa kupanda na kushuka wa takribani miaka 20. Dalili za ongezeko la jumla zilikuwa dhaifu, na imani ya ongezeko ilichochewa na kipindi kimoja cha kupanda. Mfululizo wa miezi 12 hauwezi kusema "wanaongezeka". Unaweza kusema wako wangapi na wanatokea lini, na hiyo kwa Ziwa Victoria ni kazi kubwa ya kutosha.

La nne ni lawama. Mnemiopsis aliingia Bahari Nyeusi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye maji ya kusawazishia meli, na mwishoni mwa muongo uvuvi wa anchovi ukaporomoka. Lakini uvuvi uliopitiliza na virutubisho kutoka mitoni vilikuwa vimeshaidhoofisha bahari ile. Mwaka 1997 akaja Beroe, ktenofora anayemla Mnemiopsis, idadi ikashuka. Limnocnida anakula planktoni wanyama, chakula kilekile cha dagaa, na kuna atakayeandika kwamba "anashindana na dagaa". Usiandike mpaka uwe na idadi, ukubwa na kasi ya ulaji, vyote vitatu.

---

Luchelele_planktoni:

Mkuu wa Pwani, asante sana, umenipangia sura nzima. Swali la mwisho: DNA ya majini, ile wanayoiacha wanyama kwenye maji, ingetuokoa na habari ya wavu?

---

Tope_na_Polipu:

Itasaidia kwa "yupo au hayupo", na faida yake kubwa ni kwamba inamshika hata polipu. Lakini hilohilo ndilo udhaifu: haitakwambia kama ni medusa au polipu, wala wangapi, wala ukubwa.

Maji ya Kirumba wakati wa mwani huziba chujio la mikromita 0.45 haraka. Panga vichujio 3 au 4 vya mililita 250 badala ya kimoja cha lita 1, na uandike kiasi halisi kilichopita kila kimoja. Kila siku ya kazi uwe na chujio la udhibiti: maji safi ya maabara yanayobebwa mtumbwini na kuchujwa hukohuko. Likitoa DNA ya Limnocnida, siku nzima ifute. Vifaa vioshwe kwa jiki iliyozimuliwa mara 10, kisha visuuzwe sana. Na usichote maji ya DNA kwenye mtumbwi ambao dakika tano nyuma ulikuwa na beseni la mayavuyavu. DNA kwanza, wavu baadaye.

Tafuteni medusa mmoja mzima, mpige picha, mtambueni kwa umbo, ndipo msome jeni ya 16S (inayotumika kutambulisha spishi) ya kipande chake. Bila mnyama wa kulinganisha, mfuatano wowote utakaotoka majini utakuwa jina la kubahatisha.

---

Dada_wa_Maabara:

Na kwa kuwa jiki imetajwa: mabeseni na dumu la wavu vioshwe kwa maji ya ziwa, si ya bomba. Klorini kidogo iliyobaki inatosha kumfanya medusa ajikunje asifunguke tena, na kipimo chake cha kipenyo kinakuwa hakina maana.